Fremu na injini bila bodi: ni Ford Model T ya 1926 au ni Model A?

Nyundo_ya_Mbao aliuliza:

Waungwana, naomba msaada wa kutambua gari ambalo kwa sasa ni mifupa tu. Nimelinunua likiwa na fremu, injini ya silinda nne, giaboksi, ekseli zote mbili na magurudumu manne ya spoki za chuma. Bodi haipo, rejeta haipo, na hakuna hata kibati kimoja chenye jina. Aliyeniuzia alishikilia kwamba ni Ford Model T ya mwaka 1926, na hoja yake kubwa ilikuwa magurudumu hayo, kwa kuwa baadhi ya T za miaka ya mwisho zilikuwa na spoki za chuma badala ya mbao. Nina mashaka, ingawa msingi wake ni kwamba mtambo huu unaonekana mzito kuliko T nilizowahi kuziona, basi. Springi ya mbele na ya nyuma zote zimelala kukingama na fremu, rimu zina kipenyo cha inchi 21, na namba iliyogongwa ubavuni mwa injini imezibwa na kutu pamoja na rangi ya zamani. Nimekwisha kupatana na fundi wa kupiga mchanga aisafishe fremu yote wiki ijayo. Nianzie wapi?

MzeeMagneto alijibu:

Ndugu, kwanza mwahirishe huyo fundi wa mchanga. Sababu nitaieleza ukishaleta vipimo.

Springi hazitakusaidia, kwa sababu Henry Ford aliipenda springi ya kukingama kiasi kwamba ilikuwapo kwenye T, ikarithiwa na Model A, gari lililoifuata T, na magari yake ya V8 yakaendelea nayo hadi 1948. Rimu za inchi 21 nazo zilikuwapo kwenye T za 1926 na 1927 zenye spoki za chuma, na vilevile kwenye Model A za 1928 na 1929, kabla A ya 1930 haijashuka hadi inchi 19. Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya. Alishika ushahidi unaowaangukia washukiwa wawili kwa pamoja.

Tazama ekseli ya mbele. Model T haikutoka kiwandani na breki za mbele. Pedali yake ya breki ilikuwa ikibana ngoma iliyomo ndani ya giaboksi. Model A ilikuja na breki kwenye magurudumu yote manne, zikivutwa kwa fito za chuma. Kisha tazama pedali, kama zimebaki. T ina tatu, na anayeijua gari ya kawaida huchanganyikiwa nazo: ya kushoto huchagua gia ya chini au ya juu, ya katikati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki, na mafuta huongezwa kwa mkono kwa kijiti kilicho chini ya usukani. A ina klachi, breki, kikanyagio cha mafuta na mkono wa gia tatu. Tazama pia mbele ya injini: A ina pampu ya maji, ilhali T, ukiacha zile chache za mwanzo kabisa, iliyaacha maji yazunguke yenyewe kwa nguvu ya joto.

Mwisho chukua futi kamba upime kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma. T ni inchi 100, yaani sentimita 254. A ni inchi 103.5, karibu sentimita 263.

Bi_Rejeta alijibu:

Nakubaliana na Mzee, ila naongeza tahadhari moja, kwamba ekseli na magurudumu ni vitu ambavyo watu wamevihamisha kutoka gari hadi gari kwa karibu miaka mia. Siku utakapoifungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, pima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Ikiwa ni takriban milimita 95 kwa 102, hiyo ni T. Ikiwa ni 98 kwa 108, hiyo ni A. Ukikuta umbo lote la A lakini silinda zina kipenyo cha milimita 78 hivi, usidhani umekosea: ni injini ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Uingereza, ambako kodi ya gari ilihesabiwa kwa kipenyo na idadi ya silinda bila kujali mwendo wa pistoni, hata A ya kawaida ikahesabiwa kuwa na nguvu farasi 24 na ile ndogo 14.9.

Aidha, kumbuka kwamba Umoja wa Kisovyeti ulitengeneza GAZ-A kwa leseni ya Ford kuanzia 1932 hadi 1936, nayo kwa macho ya haraka ni Model A tupu. Sidhani kama yako ni hiyo, lakini nimewahi kuona mtu akibishana kutwa nzima kabla hajasoma maandishi ya Kirusi yaliyokuwa mbele yake.

Nyundo_ya_Mbao aliandika tena:

Nimepima mara tatu: sentimita 263. Ngoma za breki za mbele zipo, pampu ya maji ipo, na baada ya kusugua kwa mafuta ya taa na brashi laini nimeona herufi A mwanzoni mwa namba ya injini, yenye nyota kando yake. T imekwisha kuondoka mezani. Je, mwaka niusome kwenye namba hiyo?

MzeeMagneto alijibu:

Namba hiyo ni ya injini, na injini hubadilishwa. Ford hawakuwa na namba nyingine ya gari: waliigonga ile ya injini juu ya mhimili wa kushoto wa fremu wakati wa kuunganisha gari, mahali ambapo bodi huifunika. Wenye magari kamili hulazimika kuinua bodi ili waione, lakini wewe huna bodi, kwa hiyo katika hili umewapita wote. Hiyo ndiyo sababu ya kumzuia fundi wa mchanga, maana tarakimu hizo hazina kina na mchanga huzilamba. Osha taratibu, subiri giza, kisha mulika tochi kwa ubavu ili kivuli kiingie kwenye mikwaruzo. Chaki ikipakwa na kufutwa juujuu husaidia pia.

Angalia vilevile breki ya mkono. A za mwanzo kabisa, za mwishoni mwa 1927 na mwanzoni mwa 1928, zilikuwa na mkono huo upande wa kushoto kabisa, ukivuta breki zilezile za mguu. Katika mwaka 1928 ulihamishiwa katikati na kupewa breki zake peke yake.

Nyundo_ya_Mbao aliandika tena:

Mkono wa breki uko katikati. Namba ya fremu imeonekana usiku wa jana, nayo hailingani na ya injini. Kwa orodha za namba za kiwanda, fremu inaangukia 1929 na injini inaangukia 1931. Nimeshauriwa niifute namba ya injini na kugonga ile ya fremu ili vilingane.

Bi_Rejeta alijibu:

Tafadhali usifanye hivyo. Kugonga namba upya ni kughushi, na mnunuzi mwenye macho huigundua kwa umbo la tarakimu na kwa uso wa chuma uliosuguliwa. Andika kwamba ni Model A yenye fremu ya 1929 na injini ya 1931, ambayo ni habari ya kawaida kabisa kwa gari la aina hii. Fremu ndiyo itakayoamua daraja, na tofauti si ndogo: kwa mgawanyo wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, magari ya 1919 hadi 1930 yako daraja C, na ya 1931 hadi 1945 yako daraja D. Piga picha za namba zote mbili kwa mwanga huohuo wa ubavu, ukiweka rula kando, kisha paka grisi juu ya ile ya fremu.