Chuki za rangi kwenye mchujo wa Obama na Clinton 2008: tuwalaumu wafuasi au wakubwa?

Wadau, kila ukizungumzwa mchuano wa Barack Obama na Hillary Clinton kuwania tiketi ya Democratic, lawama huwaangukia wafuasi, kwamba wao ndio walitukanana hadi chama kikakaribia kupasuka. Mimi nakataa. Walioanza ni wakubwa.

Fuatilieni mtiririko. Januari 26 Obama anashinda South Carolina kwa asilimia 55 dhidi ya 27. Bill Clinton, mume wa Hillary na rais mstaafu, anawakumbusha waandishi kwamba Jesse Jackson, mchungaji mweusi aliyewahi kuwania tiketi hiyo hiyo, naye alishinda huko 1984 na 1988. Hakutaja rangi, lakini kila mtu alimwelewa: huyu ni mgombea wa weusi tu.

Februari ikasambaa picha ya Obama akiwa na kilemba na shuka alizovishwa Wajir, Kenya, alipozuru mwaka 2006. Kwetu mzee akimvisha mgeni nguo ya kwao, amemheshimu. Kule ikawa chakula cha wale waliokwisha kumzushia kuwa ni Mwislamu anayejificha. Tovuti moja ilidai picha imetoka kwa watu wa Hillary. Meneja wake wa kampeni, badala ya kuzima uvumi, akasema wanaopaswa kuona haya ni watu wa Obama kwa kuona ubaya katika vazi hilo. Kiongozi wako akijibu hivyo, wewe mfuasi utajifunza nini?

Machi akaja Geraldine Ferraro, mgombea mwenza wa urais wa 1984, akidai Obama asingefika alipofika kama angekuwa mzungu. Aliachia nafasi yake kwenye kamati ya fedha ya Hillary, ila kauli hakuifuta. Mei, Hillary mwenyewe akaliambia gazeti kwamba wazungu wachapakazi wasio na shahada wako upande wake.

Upande wa Obama nao una deni. Kuna waliomwita mbaguzi yeyote aliyehoji uzoefu wake, na hilo liliwaudhi watu waliokuwa na swali halali. Tena kejeli za kijinsia zilipita hivi hivi: New Hampshire wanaume wawili walimpigia Hillary kelele mkutanoni awapigie pasi mashati, na wengi wakaona ni utani. Uchungu wa wanawake waliomuunga mkono ulikuwa wa kweli, nao hawakusikilizwa.

Ndiyo maana Mei 31 pale hotelini Washington, kamati ya chama ilipowapa nusu kura kila mmoja wajumbe wa kumchagua mgombea kutoka Florida na Michigan, majimbo aliyoongoza Hillary lakini yaliyoadhibiwa kwa kupiga kura mapema kinyume cha kanuni, ukumbi ulilipuka. Watu walizomeana, wengine wakiimba "Denver! Denver!", yaani vita iende hadi mkutano mkuu wa chama katika mji huo. Mama mmoja aliyetolewa nje alimwita Obama, mbele ya kamera, mwanamume mweusi asiyetosha. Maneno yake hayateteeki mbele yangu, ni ubaguzi mtupu. Lakini alikuwa amelishwa miezi mitano.

Najua mtaniambia Hillary alimuunga mkono Obama Juni 7, na Agosti pale Denver akaomba Obama apitishwe kwa kauli moja, na wafuasi wake wengi wakampigia kura Novemba. Sawa kabisa, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: sauti ya juu ilipobadilika, wengi wa chini walifuata. Kwa nini basi haikubadilika Februari?

Anayeona wafuasi wana akili zao na wabebe mzigo wao, aje na hoja. Je, chama kingekuwa na kanuni ya kumwadhibu mgombea kwa kauli za wapambe wake, ingesaidia au ingeziba midomo?