Kisima cha nyumbani Dodoma: maji ya juu au maji ya chini? Naombeni ushauri

#1 Mgeni wa Nala
Wakuu habari za jioni. Mimi si mwenyeji wa Dodoma, nimehamishiwa huku kikazi mwaka wa pili sasa. Nimejenga upande wa Nala, nyumba yangu na vyumba vichache vya kupangisha. Bomba halijafika mtaani kwetu na boza limenichosha, linakuja likijisikia. Nafikiria kisima. Wapo wanaoniambia nichimbe kirefu, maji ya chini ya mwamba ndiyo maji. Wengine wanasema kifupi kinatosha kwa sababu kiwanja kimepakana na korongo. Hivi tofauti ya maji ya juu na ya chini ni ipi hasa kwa matumizi ya nyumbani? Lugha nyepesi tafadhali, na mfuko wenyewe umekonda.

#2 Sururu Butu
Nimeshika siti ya mbele, karanga mkononi. Uzi wa visima Dodoma haujawahi kuisha salama.

#3 Mzee wa Mvumi
Mbukwenyi wanangu. Mnabishana kirefu na kifupi, sisi tumekulia maji ya mchangani. Kiangazi korongo limekauka, mama anafukua mchanga kwa kata mpaka shimo linafika kiunoni, maji yanachuruzika polepole kama jasho. Unasubiri yatuame, unachota juujuu bila kuyavuruga. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe na lilizungushiwa miiba, maana ng'ombe akiingia humo usiku huo mnalala na kiu. Yalikuwa baridi, matamu, siyo haya ya kwenye simtanki yanayonuka plastiki. Siku moja mchanga ulimporomokea kaka yangu ukamfunika hadi kifuani, tukamvuta kwa kamba ya ng'ombe. Mpaka leo hachimbi hata shimo la nguzo.

#4 Mgeni wa Nala
Shikamoo mzee. Kwa hiyo unashauri kifupi?

#5 Mzee wa Mvumi
Marahaba. Sijashauri kitu. Nimekumbuka tu.

#6 Mwamba na Maji
Mkuu, kazi yangu ni kupima maji chini ya ardhi, ngoja nijibu ulichouliza. Maji ya juu ni ya mto, bwawa, lambo, korongo. Yanabadilika na mvua: leo meupe, kesho tope, na chochote kilicholala juu ya ardhi yanakizoa, iwe samadi, kinyesi au dawa za shambani. Maji ya chini ni mvua hiyohiyo, ila imezama, ikachujwa na udongo, ikajikusanya kwenye mchanga au kwenye mipasuko ya mwamba. Kwa kawaida vijidudu vinapungua na maji hayabadiliki ovyo. Lakini kadiri yanavyokaa ndani ya mwamba ndivyo yanavyoyeyusha madini yake, na sisi Dodoma tumekalia graniti. Ndiyo maana mwenzako anachimba anapata chumvi, mwingine anapata floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kirefu siyo jina lingine la kisafi.

Wala usidhani huko chini kuna tangi lisiloisha. Mji huu umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, miaka mingi. Vipimo vya bonde lile vimewekwa tangu miaka ya 1950 na vinaonyesha halijazwi na kila masika. Linajaa hasa miaka ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, halafu tunashindia akiba hiyo.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Kisima kifupi kando ya korongo kinaitwa cha maji ya chini kwa sababu tu umechimba. Mara nyingi ni maji ya juu yaliyokata kona mchangani. Niambie: unategemea mita ngapi, na choo kiko wapi?

#7 Binti Kizota
Baba alichimba kirefu, mita 110. Mtaalamu wetu alipima kwa kijiti cha mti, kikainama, familia nzima tukapiga makofi. Maji yakatoka kwa nguvu mpaka mama akapiga vigelegele. Chai ya kwanza tu, kimya. Chumvi! Sabuni haitoi povu, birika limeota ukoko mweupe, mabomba ya bafuni tumebadilisha mara mbili. Sasa hivi kisima kinamwagilia michongoma na kufyatulia tofali, ya kunywa tunanunua. Na msidhani maji ya juu ndiyo yamenusurika, waulizeni wa Hombolo kuhusu chumvi ya bwawa lao.

#8 Mgeni wa Nala
Asanteni sana, hasa Mwamba na Maji, umenifungua. Mita ni tisa hivi, maji yapo ya kutosha. Choo kipo, cha kisasa kabisa, hakina shida. Sasa naomba kujua pampu ya sola ya kupandisha maji kwenye simtanki la lita 2,000, mnara wa mita nne, nichukue ya ukubwa gani?

#9 Dada Zamu ya Usiku
Choo kipo WAPI? Umeulizwa mahali, umejibu sifa. Halafu "maji yapo" umejuaje, na wewe bado unafikiria?

#10 Mjumbe Mstaafu
Tatizo letu ni moja: mtu ananunua kiwanja kwa dalali chini ya mbuyu, anapandisha ukuta, anaezeka bati la rangi, ndipo anakumbuka kuuliza maji. Tangu Serikali ihamie huku kila mtu ana haraka. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, siyo unamwita fundi na mtambo wake usiku kama mnaiba. Babu zetu walitafuta maji kwanza, nyumba baadaye. Vijana mnaanza na geti.

#11 Sururu Butu
Mjumbe umeacha kazi, kazi haijakuacha.

#12 Mgeni wa Nala
Sawa, niseme. Kisima kimeshachimbwa, mwezi wa kwanza. Mita tisa, ringi za zege, mfuniko mzito, kila kitu. Pampu nimelipia nusu na pesa hairudi. Choo cha wapangaji kiko hatua kumi na sita kutoka kisimani, upande wa juu. Sikutaja kwa sababu nilijua mtarukia hapo na kuacha swali. Lakini Mwamba na Maji mwenyewe kasema udongo unachuja! Fundi naye ana miaka ishirini kwenye kazi hii, ameniambia korongo lina mchanga msafi. Maji ni meupe, isipokuwa siku mbili tatu baada ya mvua yanakuwa kama chai ya maziwa, kisha yanatulia yenyewe. Sioni kosa kubwa hapo.

#13 Mwamba na Maji
Mkuu, hiyo chai ya maziwa ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Maji ya chini ya kweli hayana habari na mvua ya juzi. Yakibadilika rangi ndani ya siku mbili, maana yake kuna njia ya mkato kutoka juu, na njia linayopita tope ndiyo kinayopita kilichoko chooni.

Udongo unachuja, ndiyo, ukiwa mnene na maji yakipita taratibu. Mchanga wa korongo ni mkubwa, maji yanapita mbio. Halafu angalia mteremko. Choo kiko juu, korongo liko chini, kisima umekiweka katikati. Maji ya chini nayo yanateremka kuelekea korongoni, kwa hiyo kisima chako kinayapokea kabla ya korongo. Watu husema mita 30 kutoka chooni, na hizo ni za kuanzia tu, kisima kikae upande wa juu. Wewe una hatua kumi na sita, na umegeuza juu chini.

#14 Sururu Butu
Hatua za mtu mrefu au mfupi? Inasaidia.

#15 Kahawa Chungu
Jamani hii ni chai na mmeshainywa hadi majani. Posti ya kwanza "nafikiria kisima", ya kumi na mbili kisima kina mfuniko. Nimepekua nyuzi zake za zamani: mwaka jana alikuwa Kahama anauliza mashine ya kukoboa mpunga. Leo mtumishi Dodoma, ana nyumba na wapangaji. Na angalieni alivyokimbilia pampu ya sola. Subirini, kesho atatokea mtu "mkuu njoo PM nina pampu nzuri". Hawa ndio mtindo wao.

#16 Binti Kizota
Eeh, hata mimi nilishtuka. Nani analipia pampu nusu kabla hajajua ukubwa?

#17 Mjumbe Mstaafu
Wengi tu. Jirani yangu alinunua pampu, kisima kikatoka kikavu. Anaitumia kuwekea maua.

#18 Kahawa Chungu
Atuwekee picha ya kisima na ya choo, zote kwenye fremu moja. Bila picha ni hadithi ya sungura.

#19 Mgeni wa Nala
Kahama ni kwa shemeji yangu, mashine ilikuwa yake, mimi nilimuulizia tu. Siuzi pampu. Na picha siweki, geti langu linajulikana mtaani, nitaonekana mjinga mbele ya watu wanaonilipa kodi. Nilisema "nafikiria" kwa sababu niliona aibu. Kama mnaona ni chai acheni, sijamlazimisha mtu.

#20 Mzee wa Mvumi
Hata kama ni chai, maji yake yametoka kwenye kisima gani?

#21 Dada Zamu ya Usiku
Mzee, umemaliza. Mgeni, mimi ni muuguzi, hizo za Kahama hazinihusu. Nijibu moja: maji hayo sasa hivi yanatumiwa na nani? Usiniambie simtanki. Nitajie watu.

#22 Mgeni wa Nala
Mimi na mke wangu tunanunua ya chupa. Wapangaji ni familia nne. Wanachota kwa ndoo, nimewahesabia kwenye kodi. Wote wazima, hakuna aliyelalamika.

#23 Dada Zamu ya Usiku
Wewe unakunywa ya chupa. Sawa. Kuna mtoto mchanga?

#24 Mgeni wa Nala
Yupo mmoja, miezi miwili. Mama yake hana maziwa ya kutosha, anamkorogea ya kopo. Lakini ni mwangalifu sana, anachemsha maji mpaka yanarukaruka.

#25 Dada Zamu ya Usiku
Nisikilize vizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu, na aendelee kuchemsha, sikatai. Lakini kinyesi na mkojo vikioza ardhini vinaacha naitreti. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na haifi kwa moto wala kwa dawa ya klorini. Ukichemsha sana maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Mtu mzima anaweza asione kitu. Mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo na kucha zinageuka buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto hao hasa. Sisemi yako yana naitreti, sijayapima. Nasema huyo mtoto asiwe kipimo chako. Na akionekana kubadilika rangi, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

#26 Mwamba na Maji
Nakazia. Kesho nenda maabara ya maji, uliza utaratibu wao wa chupa kabla hujachota, maana ya bakteria inataka chupa maalumu na iwafikie mapema ikiwa ya baridi. Omba naitreti, bakteria wa kinyesi, floraidi na chumvi. Floraidi mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita, zamani hapa nchini tuliruhusu hadi 4, kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi ya kale inayosema "salama" mwulize ni ya mwaka gani. Chota mara mbili: sasa, na tena mvua ikipiga. Majibu yakiwa mabaya, kisima kibaki cha kufulia, kudekia na bustani, na shimo la choo lihame. Kama bado unataka kirefu, anza na kupimiwa na mtu mwenye vifaa, halafu kibali, ndipo mtambo. Pampu isahau kwanza.

#27 Kahawa Chungu
Bado nasema chai. Ila hiyo ya naitreti sikuijua. Kwetu Chang'ombe kisima na choo vinatazamana.

#28 Sururu Butu
Karanga zimenikwama.

#29 Mgeni wa Nala
Nimetoka kumgongea sasa hivi. Nimempa katoni ya maji ya chupa, nikamwambia ya kisima asimkorogee mtoto mpaka nitakaposema. Ameniuliza kwa nini, na kwa nini nimekuja saa tatu usiku. Nikasema tunasafisha kisima. Mume wake anarudi kesho kutoka safari na najua atakuja kuniuliza. Wakuu, nimjibu nini?

#30 Mjumbe Mstaafu
Mwambie kilichoko. Na kodi ya mwezi huu usiitaje.