Rubi ya karati mbili kwa 45,000: ni ya ardhini ama ya maabara? Najuaje kabla sijalipa

Dunga_Boy (Kisumu)

Wadau niaje. Nataka kumnunulia wife pete, mwaka huu tunafikisha miaka kumi na kitambo nilimuahidi jiwe nyekundu ya ukweli sio zile za kutandikwa chini pale soko la Kibuye. Sasa nimeunganishwa na jamaa ako Nakuru, ana pete ya dhahabu na rubi ya karati mbili na kitu, anasema ilichimbwa Baringo, anataka 45,000 na eti kuna mteja mwingine anaingojea (huyo mteja mwingine huwa hakosi). Jiwe lenyewe ni nyekundu sana, safi, ukiangalia ndani huoni kitu, hakuna doa hakuna ufa. Ameiweka ile testa ya kalamu ikalia, akaipulizia pumzi mvuke ukapotea mara moja, akakwaruza nayo chupa ya soda chupa ikachoreka, na ako na kadi imeandikwa ni jiwe asilia na uzito wake. Mi kwa macho yangu naona iko sawa lakini shemeji anasema siku hizi rubi zinatengenezwa na mashine na hivyo vipimo vyote zinapita. Ni kweli? Kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe nikiwa hapo kwake? Naenda Jumamosi.

SonaraWaSection58 (Nakuru)

Ndugu, mimi ni sonara hapa Nakuru. Huyo muuzaji usimtaje hapa, simjui na sitaki kumjua, tuongee jiwe.

Shemeji yako ako sawa. Ile kalamu imetengenezewa almasi, inapima vile jiwe linapitisha joto. Rubi inapandisha taa chache tu, haifiki pa almasi, sasa kama ililia kwa jiwe jekundu mara nyingi ni ncha imegusa dhahabu ya pete. Pumzi na chupa zinatenga rubi na glasi, basi. Rubi ina ugumu wa 9, glasi haifiki hata 6, lazima ichoreke.

Na rubi ya maabara sio glasi. Ni kitu kilekile, oksidi ya alumini na chembe za kromiamu ndizo zinaleta wekundu. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake mwaka 1902: unga unadondoka katikati ya moto wa haidrojeni na oksijeni, unayeyuka, unagandana pole pole juu ya kijiti mpaka unapata kigogo cha rubi, kazi ya masaa tu. Zile saa za babu zetu zilizoandikwa ndani zina vito 17, hivyo vito ni rubi ya namna hiyo, zinawekwa pale gia zinazunguka ili zisilike. Kwa hivyo ukipima uzito, ukipima ugumu, hata ukileta refraktomita, kile kifaa cha kupima vile jiwe linapinda mwanga, ikusomee 1.76 na 1.77, namba ni zilezile kwa zote mbili. Mashine inakuambia hii ni rubi, haikuambii imezaliwa wapi.

Kinachotenga ni ndani ya jiwe. Tafuta lenzi ya sonara ya mara kumi, sio ghali. Omba kikombe kidogo cheupe, tia maji ama mafuta ya mtoto, zamisha pete yote, ule mng'ao wa juu unapungua sasa unaona ndani. Tochi ya simu iwe pembeni ama kwa chini, sio ya kumulika usoni mwa jiwe. Zungusha pole pole, usikimbizwe. Rubi ya Verneuil ikikubali kuonyesha itakuonyesha mistari iliyopinda, kama ile ufagio unaacha kwa uwanja uliofagiliwa asubuhi, na saa zingine vipovu vya duara. Jiwe la ardhini halina mistari ya kupinda kwa sababu linakua kwa nyuso zilizonyooka, mistari yake inanyooka halafu inakutana kwa pembe. Utaona pia sindano nyembamba sana zimepishana, hizo tunaita hariri, na vijiwe vya madini mengine vimefungiwa ndani, na nyufa zilizojifunga zamani.

Lakini bei ndiyo ingenishtua kabla sijashika lenzi. Rubi asilia ya karati mbili, nyekundu hivyo, safi hivyo? Hiyo inaanza laki kadhaa na inapanda, na dhahabu hujahesabu. Jiwe safi kupita kiasi kwa bei ya chini ndio alama kubwa kuliko zote. Baringo rubi zipo kweli, sikatai, lakini jina la mahali haligharimu muuzaji kitu kulitamka.

Kondele_Finest

45k na dhahabu juu? hiyo dhahabu nayo ipimwe kwanza bana 😂😂

SonaraWaSection58

Anacheka lakini ana hoja. Angalia muhuri ndani ya pete, 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18 (karati ya dhahabu ni usafi wake, sio uzito kama ya jiwe). Na muhuri pia hupigwa uongo, kwa hivyo sonara yeyote akupimie na asidi, ni dakika mbili.

Nyar_Ahero

Mi naona mnamtisha mtu bure. Shida ya rubi ya maabara ni gani? Ni rubi. Haififii, haikwaruziki ovyo, wife ataivaa mpaka wajukuu. Mimi yangu ni safaya ya maabara na nilijua nikinunua, nililipa bei ya maabara na nalala usingizi. Makosa ni kuuziwa ya mashine kwa bei ya shimo, hapo ndio wizi uko. Hata hao De Beers wenyewe, wafalme wa almasi, mwaka 2018 walianza kuuza almasi za maabara kwa jina Lightbox, dola 800 kwa karati, bei wazi imeandikwa, hakuna longolongo. Sasa huyu jamaa wa Nakuru aseme tu ni ya maabara aweke bei yake tuone.

MtuWaVoi (Eldoret sai)

@Nyar_Ahero nakubali ila ongeza kitu moja, ya maabara usinunue ukifikiria kuja kuuza. Hizo Lightbox baadaye bei zilishuka sana na mwaka 2025 De Beers wakatangaza wanafunga hiyo biashara. Kitu kinaweza kutengenezwa vile mtu anataka, bei yake itashikiliwa na nini.

Dunga_Boy mi nimetoka Taita, nimekuwa broka wa mawe kabla nihamie huku, nikupe njia tofauti. Kama roho yako inataka jiwe la ardhini na hutaki kulala ukiwaza maabara, achana na rubi, nunua tsavoraiti. Ni jiwe la kijani la jamii ya garneti. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza Tanzania 1967, halafu akaipata kwetu Taita Taveta mwanzoni mwa miaka ya 70, kampuni ya vito ya Tiffany wakaipa jina la Tsavo 1974. Tsavoraiti ya maabara haiko sokoni, na kawaida haichomwi wala haijazwi kitu. Tanzanaiti pia hakuna ya maabara, ingawa karibu zote zimechomwa moto ndio zitoe ile bluu, na hiyo kwa biashara ni sawa kabisa bora useme.

Haimaanishi hakuna feki. Zipo nyingi mno, glasi ya kijani ndio ugonjwa wa kila mgodi. Tofauti ni kwamba hizo ni vitu vingine kabisa, sio pacha, kwa hivyo refraktomita inazishika hapo hapo. Tsavoraiti inasoma kama 1.74, glasi ya kawaida iko chini sana, na kuna jiwe la kutengenezwa kiwandani linaitwa YAG, hilo linapita 1.8. Tanzanaiti ukiizungusha inabadilisha rangi, huku bluu huku zambarau, glasi haina hiyo.

Alafu usidanganyike na mawe ghafi. Watu wanafikiri jiwe likiwa na udongo ndio limetoka shimoni. Vigogo vya Verneuil vinavunjwa vipande, vinasuguliwa kingo, vinapakwa udongo mwekundu vinafungwa kwa karatasi ya daftari. Na nyinyi watu wa huku magharibi mnakuwa rahisi kwa sababu dhahabu mnaijua, Kakamega tangu miaka ya 1930, Migori hadi leo, mtu akisikia mchimbaji anaamini kila kitu kiko mfukoni mwake.

Mama_Wakala (Kakamega)

Swali kutoka pembeni. Mimi niko na ile taa ya kukagulia noti dukani, ile ya mwanga wa zambarau. Niliona video mtu anamulika rubi inawaka nyekundu akasema ndio hiyo ni orijino. Inasaidia ama ni mambo ya mitandao?

SonaraWaSection58

Inasaidia nusu mama, na hiyo nusu sio ile wanasema. Rubi ya Verneuil inawaka nyekundu kali sana chini ya hiyo taa, kwa sababu ina kromiamu na haina chuma cha kuzima. Rubi asilia zenye chuma kidogo nazo zinawaka, za Mangare kule Taita zinajulikana kwa hiyo. Zenye chuma kingi zinafifia ama hazionyeshi kitu. Kwa hivyo kuwaka sio ushahidi wa orijino, kama kuna kitu ikiwaka sana kupita kiasi mimi naanza kushuku maabara. Pale taa inafanya kazi vizuri ni kwa garneti nyekundu inayouzwa kama rubi, hiyo haiwaki kabisa.

Dunga_Boy

Asanteni sana, nimesoma zote. Sasa nikienda na lenzi na nisione hiyo mistari ya kupinda, naweza kusema ni ya ardhini?

SonaraWaSection58

Hapana, na hapa nataka unisikie vizuri kwa sababu ndipo watu wengi wanaanguka. Ukiona mistari iliyopinda kesi imeisha, ni maabara, mrudishie pete yake mwage kwaheri. Usipoona kitu hujathibitisha chochote. Hiyo mistari ni migumu kuonekana hata kwa mwenye kazi, inategemea jiwe limekatwa kwa upande gani na limewekwa kwa pete ya aina gani. Halafu Verneuil ni njia ya bei rahisi tu, kuna zingine. Kuna rubi zinakuzwa kwa flaksi, yaani zinayeyushwa ndani ya kemikali zikue pole pole kwa miezi, hizo zina mabaki ya flaksi ndani yanafanana sana na zile nyufa zilizojifunga za jiwe asilia, broka mzoefu anapigwa nazo. Saa zingine unapata vibapa vya platinamu ndani, vimetoka kwa chungu cha kuyeyushia, hapo ndio inajulikana. Zumaridi ndio usiseme, nyingi za maabara zinakuzwa kwa maji moto na presha, mistari yake ni ya zigizaga, lakini lenzi ya mara kumi na tochi ya simu haitoshi kuamua.

Na kuna ya tatu ambayo hakuna mtu ameitaja. Rubi ni ya ardhini kweli, lakini ilikuwa takataka imejaa nyufa, ikajazwa glasi yenye risasi (ile metali nzito). Zilianza kuonekana kwa wingi kuanzia 2004 hivi. Muuzaji anakuapia ni asilia na hadanganyi! Ukiizungusha chini ya taa utaona mmweko wa bluu ukipita ndani ya nyufa na vipovu vimelala bapa. Hiyo hata ndimu inaiharibu, na sonara akiweka moto kurekebisha pete jiwe linamharibikia mkononi. Kwa hivyo ukiuliza usiulize tu kama ni asilia, uliza imefanywa nini. Imechomwa? Imejazwa? Kuchomwa ni kawaida, kujazwa ndio shida.

Kuhusu kadi, kadi ya duka ni maneno ya duka. Ripoti yenyewe ni ya maabara ya vito isiyouza mawe, GIA, SSEF, Gübelin, GRS, na ina namba unaingiza kwa tovuti yao inakuletea uzito na vipimo vya jiwe hadi milimita. Linganisha na hilo liko mbele yako, kwa sababu kuna watu wanatembea na ripoti ya kweli ya jiwe lingine.

MtuWaVoi

Na muulize leseni. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye kununua na kuuza madini awe na leseni, sio mtu tu na briefkesi. Kwa upande wa serikali anza kuuliza Wizara ya Madini kule Nairobi kuhusu kupimiwa. Kwa jiwe la laki kadhaa nauli ya Nairobi ni kitu kidogo. Kwa jiwe la elfu tano usijisumbue, kupima kutagharimu kuliko jiwe, hesabu tu ni ya maabara na ulipe hivyo.

Nyar_Ahero

Mimi ningemwandikia sai kabla ya Jumamosi. Aandike kwa risiti: rubi asilia, haijatengenezwa maabara, haijajazwa glasi, uzito huu, na ikipatikana vingine anarudisha pesa yote ndani ya siku 14. Asiandike kwa ile kadi yake, kwa risiti na jina na nambari ya kitambulisho. Akikataa umeokoa nauli ya matatu.

Dunga_Boy

Nimemtumia hayo maneno vile vile. Ameona, alama ni za bluu, bado hajajibu. Wacha nimuulize MtuWaVoi inbox kuhusu tsavoraiti, karati moja ni ngapi siku hizi, ingawa wife anapenda nyekundu sasa sijui nitaanzaje kumuelezea kijani.

MtuWaVoi

Njoo inbox. Na kama ni lazima iwe nyekundu kuna garneti nyekundu nzuri sana za Kenya, bei yake ni sehemu ndogo ya rubi. Mwambie tu ni garneti.

Kondele_Finest

Wakuu samahani, mzee wangu aliacha saa ya zamani imeandikwa hivyo vito 17. Kwani niko na rubi kumi na saba kwa droo na sijui??

SonaraWaSection58

Uko nazo. Zote za maabara, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama, na hakuna mtu atakununulia hata zote pamoja. Hiyo saa usiifungue, ikiwa inatembea ina thamani kuliko vito vyake.