Kiatu kimeachama: fundi wa kituoni, Kariakoo au mtumba?

Soli_Moja
Wakuu, habari za jioni. Nina viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vya kazini. Masika hii cha kulia kimeachama mbele kama mdomo wa kambale. Fundi wa kituoni hapa Tabata kanipakia gundi kwa 2,000. Siku ya tatu nashuka kwenye daladala, soli inapiga makofi. Nikarudi: "Njoo kesho." Kesho yake: "Umeme hakuna." Gundi na umeme wapi na wapi? Wiki ya pili sasa naenda ofisini na raba. Nilinganishieni: nimng'ang'anie huyu, niende Kariakoo, au nikaokote mtumba Karume?

Mama Tatu
Ulimwona akipaka? Gundi ya kopo inapakwa pande zote mbili baada ya kuparuza kwa msasa, kisha inaachwa dakika 10 hivi mpaka isinate kidoleni. Hapo ndipo unabandika na kugonga. Wengi wanapaka na kubandika papo hapo ili wamalize foleni. Halafu kiatu kilikuwa kikavu?

Soli_Moja
Kusema kweli nilikitoa mguuni kimelowa chepechepe.

Msharasi
Basi nusu ya kosa ni lako, kijana. Nimefanya kazi hii Ilala mpaka macho yakakataa kutunga uzi. Gundi peke yake ni ya kukufikisha nyumbani. Kiatu cha ngozi dai kishonwe soli kuzunguka pembeni, uzi wa nailoni, na ukae hapo hapo kwenye benchi umtazame. Ukiacha kiatu, umeacha na amani yako. Kariakoo nenda kama soli yenyewe imelika na unataka kubadilisha nzima.

Nasra_K
Mtumba? Nilinunua raba 25,000, hazina mkwaruzo, nikajiona mjanja. Niko harusini soli zikaanza kumeguka kama kashata, nimeacha makombo ukumbi mzima. Kumbe soli zile za povu la PU, aina ya plastiki, zikikaa miaka bila kuvaliwa, unyevu unazila kutoka ndani. Fundi kaniambia wazi hakuna pa kushikia gundi wala sindano. Siku hizi nabonyeza soli kwa ukucha kabla ya kuuliza bei.

Wa Eastlands
Niko Nairobi, shida ni ile ile. Unaambiwa "rudi Ijumaa", hasemi Ijumaa gani. Mimi nilibadilishiwa soli nzima Gikomba, kazi safi, ila soli mpya zilikuwa za jozi mbili tofauti. Nilitembea kama niliyekanyaga ukingo wa barabara mwezi mzima. Pima zote mbili mezani kabla ya kulipa.

Mama Tatu
@Wa Eastlands pole, nimecheka mpaka chai imemwagika. Kushona jozi nzima nililipa 5,000 mwezi uliopita, na bado ziko mguuni. Mtumba wa ngozi wa maana huupati kwa hiyo.

Soli_Moja
Basi nimeamua, kesho naenda kushonesha. Nimeshakianika tangu asubuhi ili mzee asinigombeze tena.

Msharasi
Umekianika wapi?

Soli_Moja
Juu ya bati.

Msharasi
Kitoe juani sasa hivi! Ngozi itakakamaa kama ubao, sindano haitapita. Kivulini, na ujaze magazeti ndani.

Soli_Moja
Ngoja nipande.