Naomba ushauri: albamu yetu ya kwanza, tuitoe wenyewe au tutafute lebo?

Wadau, hamjambo. Tuko wawili hapa Nairobi, tunapiga elektro-industrial: mayowe, sinthesaiza, na midundo tuliyorekodi kwa mafundi wa jua kali Gikomba, nyundo zikigonga mabati. Albamu iko tayari. Mwenzangu anataka lebo. Anawataja Duma, kundi la hapa hapa Nairobi, ambao albamu yao ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mimi naona tuiweke wenyewe Bandcamp, mtandao ambako wasanii huuza muziki wao, haki zibaki kwetu. Jingine: fundi wa sauti ameikaza albamu mno (ameibana sauti ili isikike kubwa muda wote) hadi nyundo zimekosa makali, na Spotify itaishusha tu hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nimwambie ailegeze? Na aliyewahi kusaini na lebo ndogo, ni vipengele gani vya mkataba nivichunguze kwanza?