Eneo letu la wazi Sinza limezungushiwa mabati usiku, eti zinakuja apatimenti. Nani aliulizwa?

Wakuu, nina hasira toka Jumanne. Acha niiteme hapa kabla sijamtukana mtu mzima.

Jumanne alfajiri natoka kwenda kazini, nakuta lile eneo la wazi la mtaani kwetu limezungushiwa mabati ya bluu. Ndani kuna greda. Mwarobaini waliochezea bao wazee wetu toka niko chekechea umelala chini, majani bado mabichi. Getini (ndiyo, geti lishawekwa!) kuna mlinzi, ananiambia, "Bosi, hapa zinapanda ghorofa nane, usisimame." Nimezaliwa mtaa huu, leo kijana aliyekuja jana ananiambia nisisimame.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Na yeye anasema mabati kayaona asubuhi kama sisi. Saiti nyingine mjini utakuta bango: mwenye mradi nani, mkandarasi nani. Hapa hata karatasi ya daftari haijabandikwa. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imeweka utaratibu wa mtu kubadilisha matumizi ya ardhi, na utaratibu huo sijaona mahali unapotaja greda la saa nane za usiku.

Kinachoniudhi zaidi ni hii kauli inayozungushwa, kwamba "kilikuwa kiwanja kitupu tu". Kitupu? Sinza haikuota yenyewe kama uyoga. Ilipimwa miaka ya 1970, kwenye ule mradi wa viwanja wa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Watu walikaa wakachora: hapa nyumba, hapa njia, hapa shule, hapa paachwe. Pale palipoachwa hapakusahaulika. Paliachwa makusudi! Mzee wangu alijenga akijua mbele yake pana uwazi, na ndivyo mchoro ulivyosema.

Na anayejua kazi ya uwazi ule ni aliyekaa hapa masika. Maji ya mitaa mitatu yanashuka pale, yanasimama siku mbili, tatu, mpaka magoli yanabaki kichwa tu, vyura wanaimba, kisha yananywewa na ardhi. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu Dar na wengine wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, sisi tulilowa viatu tu. Sasa mwageni zege pale, muone. Maji hayasomi kibali. Yataingia sebuleni kwetu, mengine yatakimbilia Mto Ng'ombe kuwaongezea walio chini, ambao mzigo wao unawatosha. Na hizi chemba zinazofurika kwa mvua ya nusu saa, mnataka kuziongezea vyoo vya ghorofa nane?

Watoto na chandimu yao sijawagusa. Watahamia barabarani, washindane na bodaboda.

Halafu misiba. Mzee alipofariki, turubai lilifungwa pale, wanaume wakalala pale siku tatu, masufuria ya pilau yakapikwa chini ya huohuo mwarobaini. Nyumba zetu zina uwani wa kuanika nguo mbili. Mtu akifa mwezi ujao tukae wapi, kwenye paa la apatimenti?

Najua kuna mkuu atakuja na "mnapinga maendeleo". Kaka, Sinza nzima inapanda juu. Jirani yangu kavunja nyumba ya baba yake kajenga ghorofa tano, nilimpelekea maji ya kunywa mafundi wake. Kajenga kwake! Hapo ndipo tofauti ilipo.

Na msiniambie haiwezekani. Nairobi mwaka 1989 walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, chini ya serikali ambayo hakuna aliyethubutu kukohoa mbele yake. Wangari Maathai alianza na barua tu. Alitukanwa vya kutosha, ila jengo halikujengwa.

Sasa nahitaji msaada. Mwenye nakala ya mchoro wa zamani wa vitalu vya Sinza, au mzee wake aliyefanya kazi ya upimaji enzi hizo, anicheki PM. Mwanasheria wa kutuongoza pingamizi la haraka tutamlipa, tumeshaanza kuchanga.

Wa mtaani: Jumamosi saa moja asubuhi, nje ya mabati. Njoo na kiti chako. Bao tumeliokoa, litachezwa hapohapo getini, na mlinzi akitaka namba tutampa.