Nyangao/Mahiwa au Nandete, nimpeleke mjomba wapi?

Korosho_Ghafi: Wakuu habari za jioni. Mjomba anashuka Lindi mwezi wa kumi akitokea Dar, mstaafu, ukikaa naye ni vita vya zamani asubuhi mpaka jioni, sasa anataka aone uwanja wenyewe wa mapigano, makumbusho hataki. Nimebakiza sehemu mbili, Nyangao na Mahiwa pale alipokutana Mjerumani na Mwingereza 1917, au nimpandishe Nandete kule Umatumbini ilikoanzia vita ya Majimaji ya kumpinga Mjerumani. Hela ya mafuta ni ya sehemu moja tu. Mzee goti linamsumbua.

Konda_Mstaafu: Kwa goti hilo ni Nyangao, hata usijiulize. Mnatoka Lindi asubuhi, Mnazi Mmoja mnashika njia ya Masasi, mnapita Mtama, mkija kushtuka mko Nyangao, lami mwanzo mwisho na jioni mzee analala kwako. Nandete unapita Nangurukuru mpaka Njia Nne ndo unakata kushoto kupanda Kipatimu, vumbi na milima, lazima mlale njiani.

Mmatumbi_Orijino: Konda jamaa kauliza vita wewe unamjibu lami 😀 Nyangao ataona nini zaidi ya mikorosho? Nandete kuna mnara, na wanaokusimulia ni vitukuu vya watu walioing'oa ile pamba Julai 1905, walishachoka kulimishwa shamba la mkubwa huku ya kwao yanaota majani. Hiyo ndo vita yetu. Mahiwa ni wageni wawili wanagombania shamba la mtu, na mwenye shamba kabebeshwa mizigo yao.

Binti_wa_Ndanda: Kaka Mmatumbi la mizigo nakuunga mkono, wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa na magonjwa na majina yao hakuna aliyeandika. Ila waliopigana Mahiwa wengi walikuwa Waafrika hawahawa, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, upande mmoja, upande wa pili KAR, jeshi la Waafrika la Mwingereza, na Wanaijeria ambao walizingirwa kabisa. Tarehe 15 mpaka 18 Oktoba, siku nne tu, na Mwingereza alipoteza watu kama 2,700 waliokufa na kujeruhiwa kwenye jeshi la 4,900 hivi. Mjerumani alishinda lakini akaishiwa risasi, mwezi uliofuata akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Halafu Nyangao nayo ina Majimaji yake, misheni ya Wabenediktini ilichomwa Agosti 1905, ndo maana 1906 wakaenda kuanza upya Ndanda. Kwa mafuta ya safari moja mzee anapata vita mbili.

Mmatumbi_Orijino: Haya dada hiyo ya misheni nakupa. Lakini mnara hamna 😅

Konda_Mstaafu: Na kama mtakwenda huko kwa Mmatumbi basi laleni Kilwa Kivinje, mzee aone na aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya aliyempiga vita Mjerumani, 1895. Mradi msisogeze safari ikaingia masika, mvua za 2024 si mnakumbuka Somanga barabara ilivyokatika watu wakakwama na mabasi.

Korosho_Ghafi: Dada Binti umenimaliza, naona naegemea Nyangao. Sasa tukifika tunamuuliza nani? Mjomba ana ramani kaprinti ina mishale mpaka basi, anataka atembee nayo porini.

Binti_wa_Ndanda: Hiyo ramani aiweke kwanza kwenye begi jamani! Huku mgeni akionekana anazunguka mashambani na karatasi ya zamani watu wanajua moja tu, kaja kutafuta mali za Mjerumani. Mtasikia rupia, mtasikia zebaki, mara kijana anakwambia kuna handaki babu yake alilifukia, toa hela ya soda nikuonyeshe. Anzieni ofisi ya kijiji, jitambulisheni kwa mwenyekiti, mwombeni mzee mmoja wa kuongozana naye na mumpe chochote akimaliza. Mwezi wa kumi ni msimu wa korosho, asubuhi wengi wako shambani wanaokota, kwa hiyo mwenyekiti apigiwe simu siku moja kabla. Na jembe msibebe hata kama liko kwenye buti siku zote.

Korosho_Ghafi: 😂😂 Jembe liko kwenye buti kweli, nalishusha leo leo. Mmatumbi mwakani nakutafuta, nitakuja bila mzee.

Mmatumbi_Orijino: Karibu, uje kiangazi.